Tanuri Halibebwi Begani: Maongezi Kuhusu Kuoka Vitamutamu kwa Moto wa Kuni

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Asanteni kwa kuja na asanteni kwa kunipa mada tamu, maana kwenye hizi semina za wapanda milima kila mara tunaongelea viatu, hema, ramani, maji ya kunywa, afu ikifika zamu ya chakula mtu anasema beba tambi za dakika mbili na karanga, basi, imeisha hiyo. Leo mimi naongelea keki. Keki kabisa, imeumuka, inakatwa, na umeipikia porini kwa moto wa kuni ukiwa na kale kasufuria kako kamoja ambako ukikashika unadhani ni ganda la yai.

Na kwenye tangazo waliandika "kuoka bila tanuri". Hapo naomba tusielewane vibaya mapema, tanuri lipo, ila watu wanalitafuta kwenye chuma wakati kwa sisi tunaobeba vitu vyepesi tanuri liko kwenye ile nafasi kati ya moto na unga. Yaani kitu gani umekiweka hapo katikati. Maji, au mawe, au hewa. Vyote hivyo vitatu unavikuta huko huko, hubebi hata kimoja. Hilo ndo jambo langu la leo na mengine yote ntakayoyasema ni matawi yake tu.

Ngoja nianze na kwa nini watu wanaunguza. Keki kwenye oven ya nyumbani inaokwa kwenye nyuzi kama 180 za Selsiasi. Sasa makaa mekundu ya kuni yanafika nyuzi 700 na zaidi, kwahiyo mtu akija kuniambia "mimi porini joto halitoshi" namshangaa, joto lipo mara nne ya unalohitaji, shida ni kwamba ni jingi mno na limekaa sehemu moja. Wale wenye sufuria nzito za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, zile za kuwekea makaa juu na chini, hawana hii shida, chuma kile ni kizito, kinameza joto taratibu na kulitoa taratibu, moto ukipanda ukishuka chenyewe hata hakishtuki. Ila sufuria ya hivyo ya saizi ya kawaida ina kilo kama 5. Kilo 5 mgongoni kwa ajili ya keki! Hapana, hata mimi ninayependa sukari namna hii siwezi.

Sufuria yetu ya titani, ile metali nyepesi, ina gramu 100 hadi 150 hivi kwa ile ya mtu mmoja. Ni nyembamba, haina akiba ya joto hata kidogo, na kibaya zaidi titani haisambazi joto, alumini inapitisha joto karibu mara 10 ya titani. Maana yake ukiweka rojo la keki moja kwa moja kwenye sufuria ya titani ukaiweka motoni, pale ulimi wa moto unapogusa panaungua dakika ya kwanza na sentimita 3 pembeni unga bado mbichi. Hapo hamna ujanja wa kukoroga, keki haikorogwi. Alumini ni nafuu kidogo kwenye kusambaza, ila nayo inayeyuka kwenye nyuzi 660, na kabla hata haijayeyuka inakuwa laini na kupinda, kwahiyo alumini tupu isiyo na maji ndani haikai juu ya moto unaowaka kwa nguvu, nisisikie mtu.

Basi tuje kwenye maji, na hapa ntakaa sana maana ndo njia ninayoiamini kuliko zote.

Unachukua sufuria yako, chini unapanga kokoto tano sita au unakunja waya mwembamba kama pete, unamimina maji mpaka yawe chini kidogo ya usawa wa kokoto, kama sentimita 2. Juu ya kokoto unaweka kikombe cha silikoni, ile laini kama mpira inayovumilia joto, au kikopo kidogo chepesi chenye rojo la keki, nusu tu, usijaze maana litapanda. Funika. Maji yakichemka mvuke unajaa ndani na mvuke ndo unaoka. Wengine watasema hiyo sio kuoka hiyo ni kupika kwa mvuke, sawa, iite unavyotaka, wewe kula tu.

Kwa nini inafanya kazi vizuri hivi? Kwa sababu maji yanayochemka hayapandi juu ya nyuzi 100, kwa moto wowote ule. Moto uwe wa makaa matatu au uwe unawaka mpaka unachoma nyusi zako, ndani ni nyuzi 100 tu maadam maji yapo. Keki haiwezi kuungua, hata ukitaka iungue haiungui. Na yai linaganda kwenye nyuzi 60 na kitu mpaka 80 hivi, wanga wa ngano nao unaanza kuvimba na kushika kwenye nyuzi sitini na kitu, kwahiyo nyuzi 100 zinatosha na kubaki. Afu kuna kingine watu hawakijui, mvuke ukigusa kitu cha baridi unageuka maji na pale pale unaachia joto jingi sana, ndo maana mvuke wa nyuzi 100 unapika haraka kuliko hewa kavu ya nyuzi 100. Ndo maana pia mvuke unababua mkono vibaya, ukifungua mfuniko fungulia upande wa mbali na wewe, sio usoni.

Sasa kosa moja watu wanafanya, wanaona keki inachelewa wanaongeza kuni. Umeongeza nini? Joto halijapanda, ulichoongeza ni kasi ya maji kuisha. Na maji yakiisha hadithi inabadilika, sufuria inapaa mpaka nyuzi mia tatu huko, silikoni yenyewe nyingi zinavumilia mpaka 220 au 230 hivi, unakuja kukuta harufu ya ajabu. Dawa ni hii, ndani ya maji acha kajiwe kamoja kadogo ambako hakajabebana na zile kokoto nyingine, maji yakiwa yanachemka kanagonga gonga chini ya sufuria, tik tik tik, siku ukisikia kimya ujue maji yameisha, ongeza ya moto upesi. Unapiga stori zako huku sikio liko kwa kajiwe.

Moto wenyewe kwa njia hii unataka mdogo, vijiti vya unene wa penseli hadi kidole, unalisha kidogo kidogo, mchemko wa taratibu. Huna haja ya kusubiri makaa. Hilo nalipenda kuliko yote maana umechoka, giza linaingia, nani ana muda wa kusubiri gogo liwe makaa.

Kitu cha kukera ni matone. Mvuke unapanda kwenye mfuniko, unageuka maji, yanadondoka juu ya keki, juu inakuwa na mashimo na ulojo. Funika kikombe chenyewe na kipande cha foili au karatasi ya kuokea, kilegee kidogo kati ili keki ipate pa kupanda, imeisha. Kuna wanaofunga kitambaa kwenye mfuniko, jikoni nyumbani sawa, ila kwenye moto wa kuni wenye ndimi nje nje kitambaa kinaning'inia hapo unatafuta kesi.

Rojo lenyewe. Mchanganyiko mkavu unaufanyia nyumbani, sio porini kwenye upepo na kichwani tochi. Kwa mtu mmoja mwenye njaa au wawili wastaarabu: unga wa ngano gramu 60, ndo kama nusu kikombe, sukari vijiko vya chakula viwili, kokoa kijiko kimoja, maziwa ya unga kijiko kimoja, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Tia kwenye kifuko cha plastiki kinachofungika vizuri, andika juu kwa kalamu ni nini na maji kiasi gani, maana siku ya tatu vifuko vyote vinafanana na utajikuta umekoroga supu kwenye kokoa. Kambini unaongeza mafuta ya kula kijiko kimoja na maji kama mililita 70 au 80, unafunga kifuko, unaminya minya kwa nje mpaka kiwe uji mzito, unakata kona unamimina kwenye kikombe. Bakuli la kuosha hamna. Dakika 20 hadi 25 tangu maji yachemke, chomeka kijiti kisafi, kikitoka kikavu tayari. Kifuko chenyewe cha kawaida usikiweke kwenye sufuria kikachemkia humo, hicho hakikutengenezwa kwa joto, kirudishe kwenye begi la taka.

Mayai? Kuna dada hapo mbele nimeona anataka kuuliza mayai, kabla hujauliza dada yangu, yai bichi linabebeka siku ya kwanza tu kwa mtu mwenye roho ngumu. Yai la unga lipo, linafaa, ila kwa keki ndogo namna hii hata usipoweka inashika, maana unga na maziwa vinatosha kushikana. Kinachobadilika ni kwamba inakuwa nzito kidogo, mimi hata napenda.

Bekingi pauda ina tabia yake. Inaanza kutoa gesi ikishalowa na nyingi ya zile za kisasa inatoa tena ikipata joto. Kwahiyo usikoroge halafu uende kutafuta kuni, koroga maji yakiwa tayari yanachemka na kikombe kimekaa mkononi. Na iwe kavu, imeshika unyevu imekufa hiyo. Ukitaka kuipima kabla ya safari mwagia nusu kijiko maji ya moto, isipofoka povu achana nayo.

Sasa mwinuko, maana najua nusu ya watu humu mnakwenda juu. Kila ukipanda mita 300 maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu, kwa hesabu ya haraka haraka. Mita 3,000 unakuta maji yanachemka kwenye nyuzi 90, mita 4,500 huko ni kama 85. Na kumbuka tanuri letu ni maji, kwahiyo tanuri zima limepoa na huna kitasa cha kuongezea. Keki itaiva lakini itachukua muda, weka dakika 35, weka 40. Na hapa kuna kitu kinawashinda wengi, sukari. Sukari kwenye rojo inachelewesha unga kushika, unga unaoshika kwenye nyuzi sitini na kitu ukiwa peke yake, ukijaza sukari nyingi unaweza kudai nyuzi themanini na kitu kwenda tisini. Umeona tatizo liko wapi? Juu mlimani huna hizo nyuzi. Ndo maana mtu anapika keki yake ile ile iliyompendeza kambi ya chini, huko juu inatoka kama gundi na anailaumu kuni. Punguza sukari kwenye rojo mpaka kijiko kimoja, afu utamu uweke juu baada ya kuiva, asali, maziwa mazito yenye sukari, chokoleti ya kuyeyusha, chochote. Na bekingi pauda punguza robo, kwa sababu kwenye mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari, viputo vinavimba kupita kiasi, keki inapanda kwa mbwembwe halafu inabonyea katikati.

Njia ya pili ya maji, na kama mtasahau yote niliyosema naomba hii ibaki, ni madonge juu ya matunda. Hii haitaki kikombe, haitaki kokoto, haitaki chochote, sufuria na kijiko. Mchana mkiwa mnatembea, chupa moja iwe na matunda makavu kama gramu 100, zabibu kavu, aprikoti, tofaa, embe, unavyopenda, na maji mililita 250. Yanaloweka mgongoni kwako bila kazi yoyote. Jioni unamimina yote kwenye sufuria, mdalasini, sukari kidogo, yakichemka unadondoshea juu rojo zito la unga, bekingi pauda, mafuta na maji, kijiko kwa kijiko, madonge manne au matano yaliyoachana. Funika dakika 12 hadi 15 na usifunue. Usifunue! Najua utataka kuchungulia, ukichungulia mvuke unatoka na madonge yanakaa chini na hayanyanyuki tena. Hapa ule mchuzi wa matunda ndo tanuri, unafanya kazi ya yale maji, na bado unaliwa. Ila huu mchuzi una sukari kwahiyo chini unaweza kushika, hapa ndo moto uwe mdogo kweli, sio kama ile ya kwanza ambayo unaweza kuzembea.

Haya. Mtu atasema "lakini keki ya mvuke ni nyeupe, haina lile ganda". Kweli kabisa, siwezi kubishana. Ile rangi ya kahawia na harufu ya kuokwa inaanza kuja kwa kasi kwenye nyuzi 140 kwenda juu, sukari yenyewe inaanza kugeuka karameli kwenye 160 na kitu, na mvuke wetu umeshasema mwisho wangu 100. Kwenye kokoa hata huoni, ndo maana nawapa ya kokoa, ujanja wa mjini huo. Ila kwa anayetaka ganda kuna njia mbili.

Ya kwanza ni rahisi, keki ikishaiva kwa mvuke itoe, ilaze kwenye mfuniko au sahani ya chuma, isimamishe ikiangalia makaa mekundu kama kiganja kimoja mbali. Usiiweke juu ya makaa, iweke mbele yake. Dakika chache upande unapata rangi. Hapo joto linakuja lenyewe kwa mnururisho, yaani linakumulika kama jua, na nafasi ya hewa ndo tanuri, ukisogeza karibu kidogo linapanda sana, ukirudisha nyuma linashuka sana, kwahiyo unaongoza kwa kusogeza.

Ya pili ni kupalia. Hapa hamna maji, unaweka kokoto kavu chini ya sufuria, tabaka la sentimita moja na nusu, kikopo cha rojo juu yake kisiguse kuta, mfuniko wa chuma usio na kishikio cha plastiki, halafu makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Kama theluthi moja chini na theluthi mbili juu, maana joto la chini linapanda lenyewe na la juu halishuki kwa hiari. Mfuniko wetu ni mwembamba na mdogo, makaa makubwa hayakai, kwahiyo mimi nawasha vijiti vidogo vidogo juu ya mfuniko, kamoto kadogo juu ya sufuria, watu wanacheka lakini kanafanya kazi. Kupima joto weka kiganja juu ya makaa kama sentimita 10, ukivumilia sekunde 6 hadi 8 ndo joto la keki hilo kwa makadirio, ukitoa mkono sekunde ya pili subiri kidogo moto ulale. Sufuria iwe titani au chuma cha pua, titani itabadilika rangi iwe bluu na zambarau, usijali, ni urembo. Alumini kwa njia hii kavu niliishaongea.

Na hapa kwenye mawe nisikilizeni vizuri hata wale wanaochat huko nyuma. Mawe ya njia kavu msichukue mtoni. Jiwe lililokaa kwenye maji miaka na miaka lina maji ndani kwenye nyufa, na maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600, yasipoipata jiwe linapasuka na vipande vinaruka, macho hayana spea. Okota mawe sehemu kavu, ya juu, yasiyo na nyufa. Kwa njia ya mvuke ambayo jiwe limekaa majini na halizidi nyuzi 100 hilo halikusumbui, na ndo sababu nyingine ya mimi kupenda mvuke.

Kuna kaka ananionyesha sufuria yake, inueni juu waione. Hiyo nyeusi ndani, isiyoshika chakula. Nzuri kaka kwa mvuke, hamna shida, ila kwa kupalia hapana, lile tabaka linaanza kuharibika likizidi nyuzi 260 na ule moshi wake haufai kuvuta. Na kwenye makaa kupita nyuzi 260 ni kitu cha dakika tu, huwezi kujua imepita saa ngapi.

Vitamu vya haraka nipite haraka. Ndizi, ipasue kwa urefu na ganda lake, chomeka chokoleti, ilaze pembeni ya makaa dakika 10, ganda ndo sufuria. Tofaa, toa moyo lakini usitoboe chini, jaza zabibu kavu na mdalasini na sukari, funga foili mara mbili, ukingoni mwa makaa nusu saa hivi huku unaligeuza. Yote mazuri ila ni ya usiku wa kwanza, tofaa asilimia 85 ni maji na ndizi kama asilimia 75, unabeba maji kwenye ganda. Na foili haiungui jamani, ukiitupa motoni inabaki vipande vipande kwenye majivu mpaka mjukuu wako aje aione, ikunje urudi nayo. Mkate wa kijiti nao, donge la unga lenye sukari unaliviringisha kama nyoka unene wa kidole kwenye kijiti kilichomenywa gome, unageuza juu ya makaa dakika kama 10, watoto wanaupenda mno, mimi naona ni mchezo zaidi kuliko chakula, nje umeungua ndani bado unga. Ila ujue kijiti ni cha mti gani, kuna miti yenye sumu, oleanda kwa mfano ni sumu kila sehemu yake, usiyemjua usimkaribishe mdomoni.

Kuhusu chokoleti, inayeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu, joto la mwili wako linatosha, kwahiyo begi likipigwa jua unafika na supu. Kokoa ya unga haiyeyuki. Na mafuta yabebeni, msiyaogope, gramu moja ya mafuta ina kalori kama 9 na sukari ina 4, kwa uzito ule ule mafuta yanakulipa mara mbili, kwenye baridi ya usiku utanikumbuka. Kichupa kiwe na mfuniko wa kuzungusha na kikae ndani ya kifuko kingine, mafuta yakimwagika kwenye begi la kulalia hamna kitakachokuliwaza, hata keki.

Moto nao una sheria zake, na sehemu nyingi za hifadhi kuwasha kuni ni marufuku kabisa au kuna majira yanakatazwa, ulizeni kabla, msiwe ndo watu wa kuchoma mlima kwa ajili ya keki. Mkikatazwa, ile njia ya mvuke inakubali jiko la gesi bila kubadilisha chochote, moto chini kabisa, ila msizungushie kinga ya upepo mtungi ulioko chini ya jiko, mtungi ukipata joto ni bomu. Na kwenye hema hakuokwi. Hata mvua inyeshe. Makaa na jiko vinatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unalala na huamki. Ukiwasha washa kwenye udongo mtupu, sio kwenye majani makavu wala juu ya mizizi, ukimaliza mwaga maji mpaka kusiwe na sauti ya kuungua, koroga majivu, mwaga tena, weka mkono uone, kikiwa bado moto kwa mkono hakijazimika. Makombo na harufu ya sukari vinaita wanyama, chakula kikae mbali na hema, kimefungwa, kimening'inizwa.

Maswali mengine? Mama hapo... ndio, masizi. Swali zuri, kuni zinafanya sufuria iwe nyeusi mpaka inachafua kila kitu kwenye begi. Kabla ya kuiweka motoni ipake sabuni ya maji kwa nje, tabaka jembamba tu, masizi yatakaa juu ya sabuni na yatatoka kwa kufuta. Ukisahau basi iwe na kifuko chake cha kitambaa, iache nyeusi, haidhuru mapishi. Na ndani mama hamna cha kuosha, ulikuwa unachemshia maji. Toa kokoto, na kama ulizisafisha mwanzoni hayo maji bado ni mazima na yanatokota, tia majani ya chai, keki hiyo hapo.